Mkono wa Mti, Shafti ya Lori

Mashine ya kumenyea kahawa ya mama yangu imenizidi umri. Baba aliinunua kabla sijazaliwa na kuisimika nyuma ya jiko, kule kijijini kwetu Ruanda, juu ya vibao ambavyo vimebadilishwa mara nyingi kuliko bati za nyumba. Unamimina kahawa mbivu juu, unazungusha, maganda mekundu yanatoka huku, punje zenye utelezi zinatoka kule. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila nyumba duniani ina mlio huo nyuma ya jiko. Nilipohamia Tunduma nikakuta mlio wa malori, na kwa muda mrefu sikupata usingizi wa maana.

Mwanzoni mashine ilikuwa na gurudumu la chuma la kuzungushia. Wazoa vyuma chakavu walipita nalo siku ambayo sote tulikuwa kanisani, tukarudi na kukuta boliti tu zimelala chini. Baba hakutukana, wala hakununua jingine. Alikwenda shambani, akakata mti wa kahawa uliokuwa umeacha kuzaa, akachagua shina lenye panda, akalichonga jioni baada ya jioni mpaka likawa mkono: kipande kirefu chenye tundu la kuvaa ncha ya mhimili wa mashine, na kipande kifupi cha kushika. Mti wa kahawa ukikauka ni mzito, na ukishikwa sana unateleza kama umepakwa mafuta. Nyumbani tuliuita hivyo tu, mkono. "Leteni mkono tuanze kazi," baba alikuwa akisema, maana kila jioni aliuchomoa na kuuingiza ndani, wezi wasije wakaupenda nao.

Baba alipofariki, mkono uliendelea kulala ndani, kichwani pa kitanda cha mama.

Hapo ndipo mimi na kaka yangu tulipoanza kumsumbua mama, kila mmoja kwa upendo wake. Kaka ana duka la pembejeo Vwawa. Ni mtu mpole na mwenye mipango, ukimwambia una njaa anakuuliza na kesho utakula nini. Aliona mama kubaki peke yake shambani ni hatari. Mimi niliona hivyohivyo, ila sikuwa na mipango, nilikuwa na hamu. Wanangu wako shule za bweni, na nyumba yangu ya Tunduma imebaki na mimi na redio. Nikanunua kitanda cha mninga, nikakitandika shuka za maua kwenye chumba cha pili, nikawa nakiita kitanda cha mama mbele ya wageni, ili nijisikie kwamba yuko njiani anakuja.

Mama alitusikiliza sote wawili huku akichambua maharage. Alipomaliza ungo akasema, "Siku nitakayoshindwa kumenya kahawa yangu mwenyewe, nitafunga mzigo bila kusukumwa na mtu. Kabla ya siku hiyo, msiniulize tena."

Kaka akasema sawa. Mimi nikasema sawa pia, nikijua kwamba mama hatanii, na kwamba siku hiyo ikifika atakuja kweli, na kwamba atakuja akiwa amevunjika moyo.

Msimu uliofuata shafti ikapinda. Shafti ndiyo mhimili unaobeba lile pipa la ndani linalomenya, na ndiyo inayoshikwa na ule mkono. Kijiwe kiliingia pamoja na kahawa, pipa likakwama, mama akalazimisha, shafti ikakubali kupinda. Alinipigia simu mimi, hakumpigia kaka. Nilielewa maana yake: alitaka mashine itengenezwe, hakutaka kuhamishwa.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Karakana tunayofanyia kazi iko karibu na barabara ya kwenda mpakani, pale ambapo foleni ya malori yanayovuka kwenda Nakonde inaweza kukufanya uzoeane na dereva mpaka ukajua majina ya watoto wake. Madereva wageni wakiingia huangalia nyuma ya bega langu. "Sista, fundi yuko wapi?" Nawaambia fundi leo amevaa sketi. Akicheka vizuri namfanyia kazi haraka, akinuna anasubiri kidogo. Nina hasira za karibu, sikatai, na mama husema nilizipata kwa shangazi zangu.

Nilipoishika shafti ya mama nikajua tatizo lake. Kilikuwa chuma laini, ndugu yake nondo. Chuma laini kina tabia njema: ukikikata kinakubali, ukikichomelea kinakubali, hakikatiki ghafla. Ila kikizidiwa kinapinda, na kikishapinda hakirudi. Mtu akiona hivyo hukimbilia upande wa pili, anataka chuma kigumu kabisa, kigumu kama tupa. Tupa haipindi, ni kweli. Lakini iangushe tupa kwenye sakafu ya saruji uone itakavyogawanyika.

Shafti inataka chuma cha katikati, na Tunduma chuma hicho kimelala kando ya barabara. Ni kile cha shafti za ekseli za malori, zile zinazopeleka nguvu kwenye matairi. Kaboni yake ni ya wastani, imezidi ya nondo na haifiki ya tupa, halafu kimetiwa kromi na molibdeni kidogo sana, kiasi kama cha chumvi kwenye sufuria ya maharage. Dukani ukitaka kipya unaomba EN19, na watu hutengenezea ekseli, gia, krenki na boliti za mahali ambapo boliti ikikatika mtu anakufa.

Ninachokipendea ni kwamba kinafundishika. Ukikichoma moto na kukifukia kwenye majivu kipoe polepole, kinalainika, unakichonga utakavyo. Ukikichoma tena mpaka kiwe chekundu na kukizamisha kwenye oili, kinakuwa kigumu, tena mpaka moyoni, siyo ngozi ya juu tu. Hapo ndipo wengi wanaposhangilia na kuondoka, na hapo ndipo kinapokuwa na hasira mbaya. Kinatakiwa kirudi motoni mara ya tatu, moto wa chini ambao hauwezi kukitia wekundu, kikae humo kwa utulivu. Karakanani kwetu tunasema tunakituliza. Kinapunguza ugumu kidogo, kinapata uvumilivu mwingi. Na kina adui mmoja, maji. Kikitoka motoni kikiwa chekundu ukakitia maji, ngozi yake inapoa kabla ya moyo, vinavutana humo ndani, na kinapata ufa ambao huwezi kuuona kwa macho.

Dereva mmoja wa Kizambia alikuwa amekatikiwa na shafti ya ekseli akiwa kwenye foleni. Tulipomfungia nyingine nilimwomba kile kipande kirefu kilichobaki. Akanisaidia kukibeba mpaka ndani. "Ya nini, mama?"

"Ya mama yangu. Anamenyea kahawa."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi hiyo kahawa italia. Natotela mukwai," akanishukuru kwa lugha ya kwao, kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu.

Nikafanya kila kitu kwa utaratibu. Nililaza chuma kwenye majivu, nikakikereza, nikakitia oili, nikakituliza. Nilikuwa naimba. Na kwa kuwa nilitaka kumpendeza mama, nikamtengenezea na mkono mpya wa chuma, ulionyooka, wenye rangi ya kijani. Mwisho wa shafti niliuchonga mraba mnene unaoingia kwenye mkono huo mpya.

Nilikwenda Ruanda nikafunga vyote mwenyewe. Mama alizungusha kidogo, akasema mkono umependeza. Kisha akauliza, "Na ule?"

"Ule upumzike, mama. Umefanya kazi sana." Nikautundika ukutani juu ya meza, mahali pazuri, karibu na kalenda ya kanisa. Mama akasema asante mwanangu, akanifungia mahindi mabichi, nikarudi Tunduma nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Simu ya kaka ilikuja kahawa ilipokuwa imeiva kweli. "Dada, ile shafti yako imekatika."

"Imepinda?"

"Imekatika, dada. Vipande viwili." Akavuta pumzi. "Ijumaa nakuja na gari tumpakie. Nimeongea naye."

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Nilipaswa kufurahi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, chumba kimefagiliwa, na mama yangu alikuwa anakuja kukaa na mimi. Badala yake nikakaa juu ya ndoo ya oili nikalia mbele ya madereva. Nililia kwa sababu ile sawa haikuwa ya mama ninayemjua. Na nililia kwa sababu chuma kilichomshinda kilitoka mikononi mwangu.

Niliwahi kufika kabla ya kaka. Mama alikuwa ameketi jikoni, nguo zake amezipanga kwenye begi dogo la safari. Hakuniangalia. Nilipitiliza nyuma ya jiko, na cha kwanza nilichokiona ni mkono wangu wa kijani umeegemezwa ukutani. Kwenye kipande kifupi cha shafti kilichokatika ulikuwa umekaa mkono wa baba.

Nikageuza shafti nitazame ilipokatikia. Chuma kilichochoka kwa kazi kina sura yake, na hiki hakikuwa nayo. Nusu ya mkato ilikuwa nyeusi, maana yake ufa ulikuwepo tangu zamani. Nusu nyingine iling'aa chembechembe kama sukari. Na kwenye ngozi ya nje, karibu na mkono, palikuwa na magamba meusi ambayo hayakutoka kwenye moto wangu.

Nikarudi jikoni nimekishika kile kipande, mkono wa baba ukiwa bado juu yake. "Mama, hiki chuma kimeingia motoni."

Akavuta begi karibu na miguu yake.

"Mama."

"Kiliingia kidogo," akasema.

"Moto gani?"

Akanyoosha mdomo kuelekea kwenye mafiga. Kisha akaanza kueleza kwa Kinyiha, na mama akianza Kinyiha huwa anasema ukweli wote. Tundu la mkono wa baba lilikuwa dogo, na mraba wangu ulikuwa mnene. Kwa hiyo alichukua spana ya baba, akafungua boliti, akachomoa shafti, akafanya kama anavyotia jembe mpini.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, lakini wewe huenda unanunua jembe likiwa na mpini wake. Kwetu mkia wa jembe unalazwa kwenye makaa mpaka unakuwa mwekundu, kisha unapigiliwa kwenye kichwa cha mpini. Unajichomea tundu lake wenyewe, moshi unakutoa machozi, na mara tu unapofika mahali pake unamwaga maji ili mpini usiendelee kuungua. Mama amefanya hivyo tangu yuko msichana. Chuma kinachotakiwa kuingia kwenye mti, kwake, hupitia njia hiyo.

"Majembe mangapi nimeyamwagia maji," akasema. "Hakuna hata moja lililonikatikia."

"Mkia wa jembe hauzunguki, mama! Hata ukipata ufa umebanwa na mpini, nani atajua? Hii ni shafti! Nimekituliza chuma hiki kutwa nzima, wewe unakimwagia..." Sauti yangu ilikuwa ile ninayowapigia madereva.

Mama alinyanyuka, akauchomoa ule mkono kwenye kipande cha shafti kwa kuugongagonga taratibu, akanipa, akaketi tena. Tundu lilikuwa na pete nyeusi ya kuungua. Lakini nje, mti wote ulikuwa safi, haukuwa na doa.

"Niliufunga kanga mbichi," akasema. "Maji niliyamwaga kwa ajili ya mkono. Sikuwaza chuma."

Alikuwa ameuokoa mti akakiua chuma, na mimi, fundi mzima, ndiye niliyeutundika mti huo ukutani kama kalenda. Hasira zilinitoka kama hewa kwenye tairi. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikaweka kichwa mapajani mwake kana kwamba sina mvi.

"Kosa ni langu," mama akasema juu yangu. "Nilitoa neno. Nimeshindwa kumenya, nitakwenda."

"Hujashindwa kumenya kahawa, mama."

"Nimeshindwa."

"Umeshindwa uhunzi. Uhunzi hatukuuzungumzia. Kaka alikuwepo, muulize."

Mama alilifikiria hilo kwa haki kabisa, kama mzee wa baraza. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika chini ya shavu langu, nikajua anacheka.

Kaka alipofika Ijumaa na gari alikuta begi limerudishwa uvunguni na magunia ya kahawa mbivu yamepangwa mlangoni. Nilimweleza. Alisikiliza yote kwa upole wake, akatazama shafti, akatazama mkono, akatutazama sisi wawili. "Kwa hiyo mnaniambia nimekuja na gari bure?"

"Siyo bure, baba," mama akamwambia. "Kahawa itaharibika. Ipeleke kwa jirani ikamenywe, mpaka dada yako atakaponirudishia shafti."

Kaka akavua koti akaanza kupakia. Nampenda kaka yangu kwa mambo mengi, na hilo ni mojawapo.

Mkono niliondoka nao, umefungwa kwenye kanga. Mama alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda akiniagiza nisiuweke karibu na moto, nisiuweke karibu na oili, nisimpe mtu aushike. Kile kipande cha dereva kilikuwa kimebaki cha kutosha. Safari hii sikuimba. Niliuweka mkono juu ya meza ya kazi, nikakwangua weusi kwenye tundu, na nikachonga mwisho wa shafti kwa kuufuata mti, badala ya kuutaka mti unifuate mimi. Mashine ya kukerezea ilifanya sehemu kubwa, ncha niliimalizia kwa tupa, nikijaribisha, nikitoa, nikikwangua tena. Chuma kilipokuwa bado laini kilikubali. Kisha ndipo nikakitia moto na oili, na kukituliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, maana nilitaka hata mama akilazimisha tena kivumilie.

Katika kujaribisha huko ndipo nilipoushika mkono vizuri kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Pale pa kushikia pameliwa na kiganja cha baba. Pana kishimo cha kidole gumba na mabonde madogo ya vidole. Vidole vyangu viliingia mara moja, bila kutafuta, kwa sababu baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto na mimi nimemfuata. Nikaushika hivyo kwa muda, pale karakanani, na hakuna dereva aliyeniuliza kitu.

Nilirudi Ruanda nikaifunga shafti. Mkono uliingia kwenye mraba wake ukakaa, bila moto, bila maji. Mama alimimina kahawa, akazunguka mashine, akasimama upande wa ukutani, mahali pabaya pasipo na nafasi ya kiwiko, akaanza kuzungusha. Pipa likalia ule mlio wake. Maganda yakatoka huku, punje zikatoka kule. Kijiwe kikaingia, kikagonga, mashine ikasita, mama akalazimisha bila aibu, na shafti ikastahimili mpaka kijiwe kikapita.

Nilikuwa natazama shafti, na nilipoacha kuitazama ndipo nikamwona yeye. Mama anakoroga ugali kwa mkono wa kulia. Analima kwa kulia, ananisalimia kwa kulia. Pale alikuwa anazungusha kwa kushoto, akihema, bega limepanda juu, akiwa amejibana ukutani.

"Mama, hamia huku, utumie mkono wako wa kulia. Utachoka bure."

"Nimezoea."

"Tangu lini?"

Hakuacha kuzungusha. "Tangu baba yako alipoondoka." Kisha baada ya mizunguko michache: "Nikishika kwa kulia, nashika mti tu."

Sikumwomba tena mama ahamie Tunduma, wala kaka hakumwomba. Nilichofanya ni kuliazima lile gari la kaka. Kitanda cha mninga kiko Ruanda sasa, chumba cha pembeni, na shuka zake za maua. Mama anakiita kitanda cha fundi. Msimu wa kahawa nafika Ijumaa jioni nimechoka, na asubuhi sijui nimelala muda gani, nasikia tu mashine ikilia nyuma ya jiko, nageukia upande wa pili, na usingizi unarudi.